Chakula cha Bunduki Yangu

Kuna watu ukiwakumbuka moyo unatulia. Huyu nikimkumbuka, shingo inakaza kwanza, halafu ndipo kumbukumbu zinakuja. Tulimwita Bwana Nyama, jina ambalo wazee wetu waliwaita watu wa idara ya wanyamapori tangu enzi za mkoloni, ingawa yeye hakuwa bwana wa chochote. Alikuwa askari wa wanyamapori mwenye kibanda cha bati hapa Maore, tambarare, chini ya milima ya Gonja, na kazi yake ilikuwa kuzuia tembo, mbogo na nguruwe wasitoke porini kuja kula mashamba yetu. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikumuuliza. Nilikuwa na shughuli nyingine naye.

Shughuli yenyewe ilikuwa kumwonea wivu, na bora niliseme mapema. Wanawake wetu wana kanga zilizoandikwa "wenye wivu wajinyonge", nami kila nikiiona inapita nilihisi imenunuliwa kwa ajili yangu. Mimi nilikuwa na bunduki nzuri yenye risasi za kuhesabu kwa vidole. Yeye alikuwa na bunduki ya serikali, na risasi zake zilikuja kwa gari kutoka Same hata miaka ile ambayo sukari na sabuni hazikuja.

Bunduki yangu aliniachia baba. Alikuwa mnyapara katika shamba la mkonge, na Mzungu mwenye shamba alipokuwa anafunga virago alimwachia kihalali, kwa karatasi na mihuri ya polisi. Ni ya Kijerumani, kitako cha mti mweusi, mtutu mrefu, na inakula risasi inayoitwa tisa nukta tatu. Baba alipoona safari yake imefika aliniita na kunipa neno moja tu, kwamba bunduki isitoke nyumbani. Hakuniambia habari ya shamba wala ng'ombe, ni hiyo bunduki tu. Sasa kila mwaka ukienda Same kuhuisha leseni unaulizwa silaha yako inafanya kazi gani, na ukijibu kwamba haina risasi unaambiwa ilete ikae ghalani. Ghala la polisi tunalijua. Kitu kikiingia mle hata mwenye ghala anakisahau.

Kwa hiyo wenzangu walipopanga foleni ya unga na mafuta ya taa, mimi nilikuwa na foleni yangu ya peke yangu. Nilifika Moshi mara nyingi nikiuliza 9.3. Muuzaji alikuwa akinitazama kama mtu aliyeomba maziwa ya simba, kisha ananiwekea mezani marisau ya kupigia kanga na sungura, au 303.

Hiyo 303 ndiyo iliyokuwa wimbo wa Bwana Nyama. Siku za gulio alikuwa na meza yake kwa mama muuza chai, na akishashika kikombe alichomoa mfukoni risasi zake za kuonyeshea, akazisimamisha mezani mojamoja. Watu waliacha kununua nyanya wakaja kusikiliza. Mimi pia nilisikiliza, nikiwa nimesimama nyuma na kujifanya natazama bei ya kamba.

"Hii 303 ni ugali," alisema. "Polisi wanayo, mgambo wanayo, ukikwama utaazima kwa jirani. Tazameni kitakoni, ina ukingo. Ukiipanga vibaya kwenye magazini, ukingo wa juu unanaswa na wa chini, bunduki inakwama na mbogo yuko njiani. Lakini inapatikana."

Kisha akaigusa ile ndefu. "Hii 375 ni wali wa sikukuu. Mwili wake unapungua taratibu kuelekea mdomoni, kwa hiyo hata bunduki ikijaa vumbi na joto bado inaingia na kutoka. Mkanda huu hapa chini ndio unaoizuia isizame. Ila inataka bunduki ndefu ya ghali, na hapa Maore mnaiona kwa sababu serikali imeniletea. Hii nene fupi ni 458. Hii ni pilipili. Baruti imeshindiliwa humo mpaka haina pa kupumulia, na ikikaa sana inagandamana, unampiga tembo anakuuliza umesema nini."

Watu walicheka. Mmoja akauliza: "Na ile 9.3 ya mdogo wako pale nyuma?"

"Ile ni makande."

Hapo kicheko kikawa kikubwa, kwa sababu Mpare na makande ni utani usioisha. Bwana Nyama aliinua mkono.

"Msicheke. Makande yanashibisha kuliko wali. 9.3 haina ukingo wa kunasa, haina mkanda, inaingia katika bunduki ya ukubwa wa kawaida, na kazi yake imekaribia kabisa ya 375. Aliyeibuni alikuwa anamfikiria mkulima. Shida yake ni moja, mahindi na maharage yake yanalimwa Ulaya." Akanigeukia. "Mdogo wangu, usioe mke ambaye chakula chake hakiuzwi kwenye gulio lenu. Uza hiyo bunduki, tafuta 303."

Alinisifia bunduki na kunidhalilisha kwa pumzi moja, na sijui mpaka leo ni lipi liliniuma zaidi. Jambo jingine alilolijua na kulirudia ni kwamba kwa mbogo na tembo sheria ilitaka 375 au zaidi, na 9.3 ilipungukiwa na upana wa unywele. Aliposema "unywele" alikuwa akivuta mmoja kichwani kwake na kuupuliza.

Nisiwe mchoyo wa haki. Alikuwa na mikono safi ya kazi. Kila risasi aliyopewa aliitikisa sikioni akisikiliza baruti, kisha akaiviringisha juu ya kipande cha kioo cha dirisha aone kama kichwa kimekaa wima. Akishapiga, kabla hajamtazama mnyama alitazama chini kutafuta ganda, kwa sababu miaka ile ofisini hukupewa risasi mpya bila kurudisha maganda. Yale yaliyopasuka mdomoni, ambayo ofisi haikuyataka, aliyatengenezea vibatari. Alitoboa kifuniko cha bati, akapitisha utambi wa kitambaa, akagawa nyumba kwa nyumba. Mama yangu alikuwa nacho. Nilikuwa nakula chakula changu, katika nyumba ya baba yangu, kwa mwanga wa Bwana Nyama.

Mtu huyu aliyesimama mbele ya mbogo bila kupepesa, aliogopa kinyonga. Akimwona kwenye ua alirudi nyuma na kuzunguka nyumba nzima. Alihubiri subira kila siku, "subira yavuta heri" haikumtoka mdomoni, lakini chai hakuweza kuisubiri ipoe, aliunguza ulimi na kulaumu kikombe. Na wanyama aliowaua kwa ajili yetu hakuwala. Alisema nyama ya porini inamkaa tumboni, akaomba maharage.

Maharage hayo aliyaomba kwetu. Jumapili baada ya ibada alikuja kwa mama, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba, kiti ambacho mimi mwenyewe mama alinikataza. Mama alimpikia makande yenye maziwa mgando pembeni. Alimwita "mwanangu", na mimi aliniita "wewe". Akishakula alifuta mdomo na kuniambia kwa sauti ya ofisi: "Haya, nikague silaha." Nikafungua kabati, nikamletea bunduki. Aliigeuza, akafungua komeo, akachungulia mtutu, akaipangusa mahali pasipo na vumbi, akanirudishia. Hakuna mwenye leseni mwingine aliyekaguliwa kila Jumapili. Nilijua ananisumbua makusudi ili nichoke.

Risasi za baba zilizobaki zilikuwa chache, nazo zilikuwa mikononi mwa mama. Kwetu kitu cha thamani hakiwekwi kabatini. Juu ya mafiga kuna kichanja, na juu ya kichanja yanakaa mahindi ya mbegu, moshi uyalinde na wadudu mpaka mvua. Mama alizitia risasi kwenye kibuyu na kukiweka hapohapo, katikati ya mbegu. Hakuna nyumba ya hapa ambayo isingefanya vile. Kitu unachokitunza kwa ajili ya kesho unakiweka penye moto.

Asubuhi moja mbogo dume, mzee, aliyetengwa na kundi, aliingia kwenye mahindi kando ya mfereji. Watoto walipanda miti. Bwana Nyama alikuwa amekwenda Same, kwa hiyo nikaitwa mimi. Sitaficha, nilipokuwa nakimbia na bunduki ya baba nilikuwa na furaha. Kijiji kizima kilikuwa juu ya ukuta wa mfereji kinatazama, na aliyeitwa nilikuwa mimi.

Nililenga begani, nikavuta. Bunduki ilisema ta, basi. Nikatoa risasi, nikatia ya pili, nikavuta. Hiyo ilitoa sauti ndogo, kama mama anayepuliza moto, na mbogo akainua kichwa kutafuta nani amekohoa. Nilikuwa nimeshatia ya tatu, kidole kipo kwenye kifyatulio, mkono ukanishika mtutu na kuusukuma chini.

"Acha. Kichwa cha risasi kimebaki humo ndani."

Alikuwa amerudi, baiskeli yake imeanguka nyuma yake, gurudumu bado linazunguka. Angechelewa kidogo tu, risasi ya tatu ingekutana na ile iliyokwama, na mtutu ungenipasukia usoni. Aliniweka nyuma yake, akapiga mara moja kwa 375 yake. Mbogo akapiga magoti kwenye mahindi. Bwana Nyama akainama kutafuta ganda.

Kisha aliuliza risasi zangu zilikuwa zinawekwa wapi, na mama akajibu kwa fahari kabisa: juu ya mafiga, mwanangu, pamoja na mbegu. Watu waliguna. Yeye hakucheka. Alimshika mama mkono.

"Mama, umetunza vizuri. Lakini risasi si mbegu. Joto la miaka limeichosha baruti."

Angemcheka mama, ningepata sababu halali ya kumchukia. Alimsemesha kwa upole ambao mimi mwanawe sikuwa nao saa ile. Na kidari cha mbogo, ambacho kwa desturi ni cha aliyemwangusha, akaagiza kipelekwe kwa mama. Kilikuwa kitamu sana, na kila tonge lilinikera.

Bunduki aliichukua ili atoe kichwa kilichokwama. Kazi hiyo ni ya alasiri moja, fimbo ya shaba na nyundo ndogo. Alikaa nayo wiki mbili. Nilipopita kibandani kwake nilimkuta ameipakata magotini, kitambaa mkononi, anasugua kitako kwa mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi siku zile hata watoto hawakupakwa. Aliponirudishia sikuitambua. Ilikuwa inang'aa kama siku ya arusi, nami nikaona wivu juu ya mbao na chuma, kwamba imekubali kupendeza mikononi mwake na mikononi mwangu haikuwahi.

Zile risasi nyingine zote zilikuwa zimeharibika. Nilipokwenda Same mwaka ule sikuwa na hata moja. Ofisa wa leseni alikuwa mtu asiye na haraka. Alinisikiliza, akafunga kalamu yake, akasema nilete silaha kabla ya mwisho wa mwezi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefiwa mara ya pili. Sisi Wapare tunasemwa kwamba mtu atauza ng'ombe aendeshe kesi ya mbuzi, na kweli nilikuwa tayari kuuza ng'ombe, ila sikujua kesi yenyewe nimshitaki nani.

Nilipoipeleka bunduki Same, ofisa hakunyoosha mkono kuipokea. Alisema Bwana Nyama ameshafika na kueleza kwamba silaha ile inahitajika kijijini, kwamba risasi zinatafutwa, na kwamba yeye ataiangalia. Akanipigia mhuri. Nilipaswa kwenda kumshukuru. Nilipita mbele ya kibanda chake nikampa shikamoo ya haraka, akaitikia marahaba, akaniambia tena mbele ya watu: "Lakini ungeiuza tu, mdogo wangu."

Ndivyo ilivyokwenda, mwaka hata mwaka. Alinisemea Same, akaniambia niuze, akaja Jumapili kukagua. Mama alipofariki yeye alikaa karibu na jeneza kuliko mimi, na wageni kutoka mbali walimpa pole yeye kwanza. Nilimwacha. Siku ile sikuwa na nguvu ya kugombania hata kiti.

Baadaye milango ikafunguliwa, mambo yakawa ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa redio na vitambaa. Nikapanda basi mpaka Arusha, kwenye duka la silaha lenye vioo, ambako wawindaji wa kitalii walikuwa wakinunua kama watu wanaochagua maandazi. 375 ilikuwapo, ya ncha laini na ya ncha ngumu. 458 ilikuwapo. Kulikuwa na 30-06 ya Kimarekani, nyembamba, ya swala na pofu, masanduku mpaka darini. Nikauliza 9.3. Kijana wa duka alikuwa na adabu, alipekua mpaka nyuma, akarudi. "Hiyo tunaagiza, mzee," akanitajia bei, nami nikarudi stendi. Uhuru wa biashara ulileta kila kitu isipokuwa nilichokitaka mimi.

Bwana Nyama alistaafu wakati huohuo. Walimpa cheti na kuichukua 375. Akapanda Gonja, akajenga nyumba ndogo ukingoni mwa mlima, akalima tangawizi, na mimi nikapata Jumapili zangu. Nilikaa kwenye kiti cha baba. Nakiri kilikuwa kigumu kuliko nilivyodhani.

Miezi michache iliyopita akatuma mtu kuniambia nipande. Nilipanda polepole, magoti si yale. Nilimkuta barazani, amevaa koti la kazi lililofutika rangi, amepungua, macho yanatazama tambarare yote ya Maore chini yake mpaka porini kwenyewe.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Umekuja. Nilidhani utasubiri uje kunizika."

Aliingia ndani akatoka na chungu kidogo cha udongo. Ndani ya chungu mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa boksi la maandishi ya Kijerumani. Sikuhitaji kusoma. Ile namba niliijua.

"Umepata wapi?"

"Nyumba ya Mzungu wa mkonge. Nilitumwa nikague kama kuna silaha iliyobaki. Bunduki alikuwa nayo baba yako tayari, hili walilisahau kabatini."

"Lini?"

"Kabla ya mbogo wa mferejini."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Safari zote za Moshi, foleni zote, ile ta ya bunduki mbele ya kijiji kizima, na boksi lilikuwa kibandani kwake, kwenye chungu, mbali na moto.

"Kwa nini hukunipa?"

"Kwa sababu nilikuwa naitaka." Hakushusha macho. "Nilisema, mtu mwenye bunduki isiyokula atachoka, ataiuza, na mnunuzi nitakuwa mimi. Nikakwambia uza, nikakwambia uza. Wewe ni mbishi."

"Na Same? Mbona ulinisemea?"

"Ingeingia ghalani ningeikosa mimi na wewe. Kwako nilikuwa naiona kila Jumapili." Alipangusa boksi kwa kiganja. "Mama yako alikuwa anajua kuwa naitamani bunduki. Alikuwa akiniambia, kula kwanza, mwanangu, haikimbii."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia maneno, na nilikuwa nayo ya miaka mingi.

Yeye akaendelea taratibu: "Mimi watu waliniogopa kwa kitu cha kuazima. Siku ya kustaafu kijana alikuja na gari akakichukua, nikabaki na mkanda wa suruali. Chako ni chako. Nilikuonea wivu, mdogo wangu, nikaona aibu kukuita mwenzangu."

Chini ya hasira yangu nikasikia kitu kitamu, kitamu kuliko kidari cha mbogo. Nilionewa wivu. Miaka yote ile niliyosimama nyuma pale gulioni nikitazama bei ya kamba, mwenye meza alikuwa ananitazama mimi.

Alinipa boksi. Nilichukua moja, nikaitikisa sikioni kama alivyokuwa akifanya, baruti ikanong'ona vizuri, kavu. Nilipoaga alinisindikiza mpaka kwenye njia, mkono mmoja kwenye ukuta.

"Sijawahi kuisikia ikilia," alisema. "Baba yako aliipiga kabla sijahamishiwa hapa, na kwako ilikataa. Wakija nguruwe huko chini, ukaipiga, mimi hapa nitasikia. Jioni nakaa hapa."

Nilimwambia sawa, kaka. Sikuwahi kumwita hivyo.

Nguruwe wamekuja mara tatu tangu siku ile. Wamelima mihogo yangu yote ya upande wa mfereji. Bunduki iko kabatini, imepakwa mafuta, boksi liko pembeni yake mbali na mafiga, na mke wangu ananiuliza nina ugonjwa gani. Mimi nachukua debe na fimbo, natoka, nawafukuza kwa kupiga debe. Kisha nasimama kwenye mihogo iliyong'olewa, natazama juu Gonja, ule ukingo wa mlima, na najua yuko pale barazani ametega sikio. Asubiri kidogo. Mimi nilisubiri.